Kumbukumbu za Mkutano wa Machi

Kata yetu ni mraba, maili sita kwa maili sita.
Wapimaji walikuja na mnyororo wa chuma
wakaikata nchi kama mtu akatavyo kashata,
vipande thelathini na sita, na namba zake
zinakwenda kisha zinarudi, kama ng'ombe wa plau.
Kijito hawakukiuliza. Nacho hakikuwauliza:
kinaingia kipande cha nne, kinalala kinamasini,
kinatokea cha thelathini na moja na jina lingine.
Lile la kwanza kabisa, la waliokuwepo kabla ya mnyororo,
nimelitafuta daftarini. Halimo.

Barabara zote zimenyooka, ila ya kaskazini.
Hapo mgeni hushtuka: breki, kushoto, kisha kulia,
na hakuna kilima, hakuna mti, hakuna sababu.
Sababu ni dunia. Dunia ni chungwa,
na mraba haukai juu ya chungwa bila mkunjo.
Mkunjo wetu ndio huo, mbele ya zizi la Stensgaard,
pamoja na sanduku lake la barua, lililogongwa mara saba.

Jumanne ya pili ya Machi, saa moja usiku,
tumekutana katika skuli ya zamani, kipande cha kumi na sita.
Waliotutangulia walikitenga kwa ajili ya watoto.
Watoto wameisha, ubao umebaki.
Mimi, Verna Tollefsrud, karani, naandika:
waliohudhuria, kumi na mmoja.
Mwenyekiti Orlin Stensgaard kagonga meza kwa spana,
maana nyundo aliiazima mtu.
Mtunza hazina kasoma: kokoto imepanda bei tena.
Kalvati ya kijito imeoza.
Mbwa wa Pavelka: yaahirishwe, kama mwaka jana.
Keki ya ndimu iliisha kabla ya ajenda ya tatu.

Kisha kasimama Emil Kuchta, kofia mkononi,
umri themanini na nne,
mkazi pekee wa mwisho wa barabara ya mia na kumi:
maili moja na nusu ya kokoto kwa nyumba moja,
kwa taa moja.
Miaka thelathini na minane aliliendesha greda la kata.
Usiku wa theluji tulimsikia kabla ya kumwona,
chuma kikikwaruza giza,
tukajigeuza kitandani tukijua kutakucha.
Mwanangu wa pili alipokuwa njiani kuja,
Emil alitutangulia hadi hospitali, maili ishirini na tatu,
nje kabisa ya mpaka,
na saa hizo hakuzidai. Najua. Madaftari yote yako kwangu.

Akasema: "Natoa hoja. Barabara yangu ifungwe.
Kokoto ni ghali. Mtu mmoja si barabara."

Kanuni ni kanuni. Orlin akauliza:
"Yupo wa kuiunga mkono?"
Saa ya ukutani. Jiko la gesi, likikohoa.
Joyce Amdahl akavitazama viatu vyake.
Lindy Pavelka, ambaye huunga mkono kila kitu
ili awahi kulala,
akapata ghafla kazi ya kukoroga kahawa isiyo na sukari.
Orlin akauliza tena. Akauliza mara ya tatu,
na sheria haidai tatu.
Emil akatupitia mmoja mmoja kwa macho
kama ahesabuye ndama jioni,
akaketi.

Nimeandika kwa wino, kama ifuatavyo:
Hoja ya Bwana Kuchta haikupata wa kuiunga. Imekufa.
Fomu haina nafasi ya kuandika zaidi ya hapo.

Mkutano ulifungwa saa mbili na dakika arobaini.
Nje theluji ilishaanza, ile nzito, ya mwisho.
Kijana wa greda hakumuaga mtu;
taa zake zilifika njia panda, zikapinda magharibi,
kule kwenye taa moja.

Suala la kalvati: Aprili.